Kumfuata Antonio Katika Madaftari

Huenda wasomaji wa gazeti letu wakashangaa kwamba mwanafunzi wa shule hii ametumia muhula mzima kumfuata mkulima wa tumbaku aliyekufa huko Amerika mwaka 1670. Sababu ni hii. Katika Chama chetu cha Historia tulipewa kazi ya kumtafuta mtu mmoja katika maandishi ya zamani, si mfalme wala jemadari, bali mtu wa jembe, na kuonyesha kwa ushahidi kwamba tumempata. Wenzangu wengi walichagua watu wa karibu. Mimi nilimchagua huyu kwa kuwa ni mmoja wa mababu wa mwanzo kabisa wa watu weusi wa Marekani ambaye maisha yake yaweza kufuatwa toka karatasi hata karatasi.

Kwetu, mtu akitaka kujua ukoo wake haendi kwa karani. Babu yangu hutaja baba zake saba, mmoja baada ya mmoja, na ukimkatiza huanza upya toka juu. Huko Virginia mambo ni kinyume: wasemaji wamekwisha, yamebaki madaftari. Wilaya ya Northampton, iliyo ng'ambo ya mashariki ya ghuba ya Chesapeake, imeweka vitabu vya mahakama yake mfululizo tangu mwaka 1632. Mimi nilivisoma katika nakala zilizopigwa chapa, maana mwandiko wa makarani wa siku zile ni kama njia ya siafu.

Mtu wangu anaonekana kwanza katika daftari la kuhesabu watu wa Virginia la mwanzo wa mwaka 1625, katika shamba la Mwingereza aitwaye Edward Bennett, karibu na mto James. Ameandikwa Antonio, mtu mweusi, aliyekuja kwa merikebu James mwaka 1621. Chini ya bwana huyo huyo ameandikwa Mary, mwanamke mweusi, aliyekuja kwa merikebu Margaret and John mwaka 1622. Basi, hayo tu. Hakuna jina la baba wala la kijiji. Tarehe 22 Machi, 1622, wenyeji wa nchi ile walikuwa wamewashambulia Waingereza na kuua watu 347, na zaidi ya 50 kati yao walikufa katika shamba hilo la Bennett. Kwa hiyo mstari ule mmoja wa daftari ni mstari wa mtu aliyeponea chupuchupu.

Halafu kimya kikubwa. Miaka ishirini na zaidi inapita, ndipo mwezi wa Julai, 1651, anatokea katika Northampton mtu aitwaye Anthony Johnson akipewa hati ya shamba la ekari 250. Siku hizo serikali ya Virginia ilikuwa ikitoa ekari 50 kwa kila mtu ambaye nauli yake ya kuingia nchini ililipwa. Mkulima huyu alileta majina matano, na mara tano hamsini ni mia mbili na hamsini. Hapa mtafutaji lazima awe mwangalifu. Vyeti hivyo vilinunuliwa na kuuzwa kama bidhaa, hivyo majina matano si hoja kwamba alikuwa na watumishi watano shambani. Tena jina mojawapo ni Richard Johnson, nalo ni jina la mwanawe mwenyewe.

Lakini swali kubwa ni jingine: je, huyu Anthony mwenye ekari 250 ndiye yule Antonio mtumwa? Jina limegeuka, mahali pamegeuka, na hali imegeuka kabisa. Jibu nililipata katika karatasi ya msiba. Nyumba na mali yao iliungua moto, wakaiomba mahakama iwahurumie. Mahakimu wakamsamehe kodi Mary, mkewe, pamoja na binti zao wawili, maisha yao yote. (Ifahamike kwamba tangu mwaka 1643 sheria ya Virginia iliwatoza kodi wanawake weusi, na wanawake wa Kiingereza haikuwatoza.) Karani akaandika sababu: kwamba Anthony na Mary wamekaa Virginia kwa zaidi ya miaka thelathini. Karatasi hiyo ina tarehe ya Februari, 1652, lakini Waingereza wa zamani walianza mwaka mpya tarehe 25 Machi, desturi waliyoishika hata mwaka 1752, kwa hiyo kwa hesabu yetu ni Februari, 1653. Toa thelathini, unapata 1623 au kabla yake. Merikebu zao zilifika 1621 na 1622. Nilipomaliza hesabu hiyo niliinuka kitini, nikatembea kidogo katika maktaba mpaka nikaambiwa nikae.

Wanawe walifuata nyayo zake. John alipata ekari 550 mwaka 1652, na Richard ekari 100 mwaka 1654. Laiti habari ingekwisha hapo, nisingekuwa na la kugombana na mtu.

Inafuata kesi ya mwaka 1655. Mtu mweusi aitwaye John Casor alidai kwamba alikuja Virginia kwa mkataba wa miaka saba au minane, na kwamba Anthony Johnson amemshika miaka saba zaidi ya haki yake. Akahamia kwa jirani Mzungu, Robert Parker. Johnson alimwachia kwanza, kisha akabadili nia akashtaki, na mahakama ikaamuru Casor arudishwe kwake, awe wake maisha. Mtu aliyeletwa akiwa mateka amemfunga mwenziwe! Nilipoisoma habari hii mbele ya Chama, wenzangu wawili walinisihi niiondoe. Mmoja alisema kwamba mtu hapeleki aibu ya babu mbele ya wageni. Mwingine alisema wasomaji wataona Waafrika ndio walioanza utumwa wa Amerika. Huyu wa pili nilimjibu kwa karatasi: mwaka 1640 mahakama ya Virginia ilikuwa imekwisha mhukumu John Punch, mtu mweusi aliyetoroka, atumike maisha yake yote, hali Wazungu wawili waliotoroka pamoja naye waliongezewa miaka minne tu kila mmoja. Yule wa kwanza sikuweza kumjibu upesi. Nilimwambia tu kwamba Casor naye ni mtu aliyesimama mbele ya mahakimu akataka haki yake, na daftari likamsikia hata kama mahakimu hawakumsikia. Tukimfuta, tunamshinda kesi mara ya pili.

Karibu na mwaka 1665 jamaa ile ilihamia Maryland, wilaya ya Somerset, ikakodi shamba la ekari 300 lililoitwa Tonies Vineyard, yaani shamba la mizabibu la Tony. Huko mzee akafa. Mwezi wa Agosti, 1670, baraza la wazee wa mahakama kule Virginia lilikaa kuamua habari ya ardhi aliyoiacha, nalo likasema kwamba kwa kuwa marehemu alikuwa mtu mweusi, basi alikuwa mgeni katika nchi, na ardhi ni ya serikali. Ekari 50 alizokuwa amempa mwanawe Richard zikaishia mikononi mwa mlowezi Mzungu. Alikuwa mgeni, baada ya miaka arobaini na tisa! Mahakama ya Northampton ndiyo iliyoandika kwa mkono wa karani wake kwamba amekaa miaka thelathini. Watu wa 1670 wangalifungua daftari hilo wangaliiona.

Mary aliishi baada ya mumewe, na mwaka 1672 aliwaandikia wajukuu wake urithi wa ng'ombe. Watu weusi wengi walioletwa Virginia miaka ile walitekwa katika vita vya Ndongo na nchi za jirani, wakapakiwa na Wareno katika bandari ya Luanda. Lugha ya huko ni Kimbundu, nayo ni ndugu ya Kiswahili: mtu huitwa mutu, na ng'ombe huitwa ngombe. Nilimsomea babu yangu habari hii wakati wa likizo. Alisikiliza kesi zote bila neno, lakini nilipofika kwenye ng'ombe alitaka kujua ni wangapi.

Baada ya miaka ya mwanzo ya karne ya 18 jamaa hii inapotea katika madaftari. Karatasi moja kabla ya hapo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1677 mjukuu, John Johnson mdogo, alinunua ekari 44 huko Maryland. Alikuwa mzaliwa wa Amerika, na baba yake kadhalika. Mwenye shamba ndiye aliyechagua jina la kuandikwa katika hati, naye alimwambia karani aandike Angola.