Siku 21 za kujifungia, gemu la kirusi na mpwa wangu dirishani

Kati ya Machi na Aprili 2023 nilimaliza gemu la kompyuta kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nilikuwa na miaka 26, nina shahada na nina kazi, na nilikuwa nimejifungia kwenye chumba cha uani nyumbani kwa dada yangu, Omurushaka, wilayani Karagwe.

Kazi yangu ni kuandika habari za afya. Tarehe 21 Machi mwaka huo, Wizara ya Afya ilitangaza kuwa ugonjwa uliokuwa umeua watu watano Bukoba Vijijini ni Marburg. Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa huo kuthibitishwa Tanzania. Nilikuwa huko kikazi. Sikumgusa mgonjwa wala sikuingia nyumba yenye msiba. Ila mtu mmoja niliyezungumza naye nje ya nyumba yake, tukiwa tumeachana hatua kadhaa, siku mbili baadaye aliwekwa kwenye orodha ya watu waliokutana na mgonjwa.

Mtaalamu niliyempigia simu alinituliza. Alisema mimi simo kwenye orodha, kwa sababu mtu yule hakuwa na dalili tulipoonana, na Marburg haiambukizwi na mtu ambaye bado hajaanza kuumwa. "Ukitaka amani ya moyo, jipime joto asubuhi na jioni kwa siku 21," akaniambia.

Kujifungia niliamua mwenyewe. Ninaishi na dada, na wakati ule alikuwa na mtoto mchanga wa miezi miwili. Nikahamia chumba cha uani, ambacho msimu wa kahawa huwekwa magunia.

Siku ya pili mpwa wangu, kifungua mimba wa dada, alinipitishia dirishani laptopu yangu ya zamani ya chuo niliyomwachia asomee. Alikuwa Kidato cha Pili, na miaka yake 14. "Mamdogo, upweke utakumaliza humo. Kuna gemu nimeliweka, jaribu," akasema.

Gemu lenyewe linaitwa Prototype. Lilitengenezwa na kampuni ya Radical Entertainment ya Vancouver, Kanada, na kutoka mwaka 2009. Yeye alilipata kwa flashi, kwenye kibanda kimoja cha kuingizia nyimbo na muvi. Unacheza kama kijana anayeitwa Alex Mercer, ambaye anaamka chumba cha maiti, New York, hakumbuki chochote. Mji wote uko wazi, unakwenda unakotaka. Anakimbia wima kwenye ukuta wa ghorofa hadi paani. Anaruka kutoka jengo moja hadi jingine. Anainua gari na kulirusha kwenye helikopta. Mikono yake inageuka mapanga. Na mji huo umeingiliwa na kirusi kinachogeuza watu kuwa mazimwi, huku jeshi likiwapiga risasi wagonjwa na wazima pamoja.

Niliwaza, haya mambo yamekuja kwangu kwa makusudi? Nimetoka kwenye mlipuko, nimepewa mlipuko mwingine.

Lakini nitasema kweli, lilinikamata. Mchana dada yuko dukani kwake, mpwa yuko shule, mimi naparamia maghorofa. Jioni mpwa alisimama juu ya kreti ya soda nje ya dirisha, nyuma ya wavu, hatua mbili kutoka ukutani kama tulivyokubaliana, akinielekeza. "Kushoto, mamdogo! Panda! Ruka sasa!" Sikuwahi kuongea naye kiasi kile tangu azaliwe.

Na hapo ndipo alipoanza kuuliza maswali. Je, wanajeshi wataizingira Omurushaka? Ni kweli Marburg imetengenezwa na kampuni, kama kirusi cha kwenye gemu? Wagonjwa wakipelekwa kwenye mahema, wanarudi?

Nilijibu nilichokijua. Nikamwambia ugonjwa huu uligunduliwa mwaka 1967, pale wafanyakazi wa maabara walipougua katika miji ya Marburg na Frankfurt, Ujerumani, na Belgrade. Walikuwa wameshika nyani wadogo waliosafirishwa kutoka Uganda.

"Kumbe kweli ulianzia maabara!" akaruka.

Nikamwambia hapana, maabara ndipo ulipoonekana mara ya kwanza, hakuna aliyeutengeneza. Kirusi chake kinaishi kwa popo wala matunda, ambao hulala mapangoni. Kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu kinapita kwenye damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mgonjwa au ya marehemu. Ndiyo maana wanaopata ni wauguzi na ndugu, watu wanaomfuta mgonjwa jasho na wanaoosha maiti. Kinawapata watu kwa sababu wamependa. Mpwa alinyamaza. Kwenye gemu sisi hatukuwa tunamuuguza mtu.

Nikagundua kitu kimoja. Mtoto huyu alikuwa ameishi na maswali hayo wiki nzima, kwenye nyumba ya mwandishi wa habari za afya, na hakuna mtu mzima aliyekuwa amemuuliza anawaza nini.

Siku ya 12, jioni, kipimajoto kilisoma nyuzi 38.4. Kichwa kiliniuma, na viungo pia.

Nilikaa kitandani nikakitazama kipimajoto. Juu ya meza kulikuwa na paketi ya Panadol. Nikafikiria duka la dada. Tayari jirani mmoja alishamuuliza, "Mama, mgeni wako wa uani anaumwa nini?" Likija gari la afya, likashusha watu waliovaa mavazi yale meupe, nani atanunua sukari hapa tena? Nikafikiria bibi yetu Nkwenda, kule Kyerwa, jinsi habari zitakavyomfikia zikiwa zimekua njiani. Nikafikiria pia aibu yangu mwenyewe. Nikimeza vidonge viwili sasa, asubuhi kitasoma vizuri. Nani atajua?

Mpwa hakuwa na habari. Alikuwa amesimama kwenye kreti, gemu linaendelea, na wanajeshi walikuwa wameanza kumtilia shaka Alex Mercer. Kwenye gemu hilo ukikaribia kukamatwa, unavaa sura ya mtu mwingine uliyemmeza na kupita katikati ya askari kama si wewe.

"Mamdogo, wamekuona! Badili sura, upite!"

Nilifunga laptopu. Mikono ilikuwa inatetemeka, sijui ni homa au ni yale maneno. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimeandika makala za kuwaambia watu wasifiche dalili. Sasa zamu ilikuwa yangu, na nilikuwa nimeshaifungua ile paketi.

Nikamwambia mpwa ashuke, arudi ndani, asimsogelee mtoto kabla hajanawa kwa sabuni, amwite mama yake asimame mbali na mlango. Kisha nikapiga 199, namba ya Wizara ya Afya isiyo na malipo. Aliyepokea aliniuliza maswali kwa upole. Dada alisimama uani akilia bila sauti, amempakata mtoto.

Walikuja asubuhi. Ndiyo, mavazi yale meupe, na ndiyo, majirani walitoka. Walichukua damu. Kipimo cha haraka kilionyesha malaria, ila mwenye malaria anaweza kuwa na ugonjwa mwingine pia, kwa hiyo sampuli nyingine ilipelekwa mbele. Siku mbili baadaye jibu likarudi: si Marburg.

Siku hizo mbili nililala nikisikiliza kichanga kikilia ndani ya nyumba kubwa. Kila kikilia nilifurahi. Nilijua kipo.

Duka lilidorora kama wiki tatu. Dada husema hata wenye madeni waliacha kupita njia ile. Halafu watu walirudi, na wa kwanza kurudi alikuwa jirani yule aliyeuliza. Alimwambia dada, "Afadhali ninyi mlisema."

Pasaka, tarehe 9 Aprili, nilikula ndizi na nyama peke yangu, sahani ikiwa magotini. Siku chache baadaye, homa ikiwa imekwisha, tulimaliza gemu. Kuelekea mwisho tukajua siri. Alex Mercer halisi alikuwa mwanasayansi, na alishakufa. Alipozingirwa kwenye kituo cha treni cha Penn, alikiachia kirusi kwa makusudi. Yule tuliyekuwa tukimchezesha wiki zote hizo hakuwa mtu. Alikuwa kirusi chenyewe, kimevaa sura ya mtu.

Mpwa alikaa kimya juu ya kreti. "Kwa hiyo sisi ndio tulikuwa ugonjwa?"

"Ndiyo."

"Na tulikuwa tunashangilia."

Sikuongeza neno. Sikuwa na somo zuri kuliko lile alilojipa mwenyewe.

Mlipuko wa Bukoba ulitangazwa kuisha tarehe 2 Juni 2023. Waliougua walikuwa tisa, sita wakafariki. Waliofuatiliwa kwa siku 21 kwa sababu walikutana na wagonjwa walikuwa zaidi ya 200. Hao hakuna atakayewatengenezea gemu, maana gemu la mtu aliyekaa nyumbani, akapimwa joto na kujibu maswali kwa ukweli, haliwezi kuuzika. Lakini ugonjwa ulikomea kwao.

Mzazi unayesoma hapa, sikuambii umpokonye mwanao gemu na mambo yaishe. Ila nina mawili. La kwanza, gemu lile huko Ulaya limewekewa alama ya miaka 18, na mtoto wetu alikuwa na 14. Damu ni nyingi, na mchezaji anameza watu ili apone. Dada hakujua, kwa sababu kwenye flashi hakuna kasha lenye alama. Andika jina la gemu kwenye simu yako, tafuta umri wake. Ni kazi ya dakika moja. Dada alipojua alilifuta, akaacha la mpira, na mtoto hakubisha sana kwa sababu alielezwa.

La pili, kabla ya kulifuta, kaa naye hata jioni moja acheze huku unatazama. Usihubiri. Muulize, "Huyu anafanya nini? Kwa nini?" Hofu ambazo mtoto hawezi kukuletea mezani wakati wa chakula, anaweza kuzitoa akiwa ameangalia kioo. Mimi ilinibidi nifungiwe chumbani ndipo nikazisikia.

Januari 2025 Marburg ilirudi Kagera, safari hii Biharamulo. Wagonjwa walikuwa kumi na wote walifariki. Nilipokuwa nafunga begi kwenda kuandika habari hizo, mpwa wangu, sasa Kidato cha Nne na mrefu kuniliko, alinibebea begi hadi stendi ya Omurushaka. Hakusema mengi njiani. Basi lilipowasha akagonga kioo.

"Mamdogo, ukirudi, chumba cha uani nimeshakifagia."