Pipa la mvinyo lisilale na watoto

Hombolo, mkoani Dodoma, mvua ni chache na jua ni kali, lakini mizabibu inastawi. Huvunwa mara mbili kwa mwaka.

Familia niliyoitembelea ina nusu ekari. Msimu uliopita mnunuzi hakutokea, na zabibu mbivu hazisubiri, nyingi zilioza. Msimu huu baba na mama wameamua kujifunza kutengeneza mvinyo.

Mama alinionyesha. Zabibu huchambuliwa, hupondwa na maganda yake, kisha huwekwa kwenye pipa safi pamoja na hamira. Hamira hula sukari ya zabibu na kutoa kilevi na gesi ya kabonidayoksaidi. Pipa huchemka bila moto.

Gesi hiyo ndiyo iliyonitia hofu. Huioni wala huinusi. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini, na ikijaa chumbani mtu hukosa pumzi. Pipa lao lilikuwa chumba cha watoto, hatua mbili kutoka kwenye godoro, dirisha limefungwa.

"Tuliogopa wezi, dada," mama alisema.

Jioni ile tulilihamishia kibandani, penye madirisha ya nyavu na mlango wa kufuli, watoto wasiingie wala kuonja. Mfuniko hatukuukaza, maana gesi ikikosa pa kutokea chombo hupasuka.

Mvinyo huo ukiuzwa utalipa ada ya shule. Usiku ule wenye kusomeshwa walilala dirisha likiwa wazi.