Mtande na Mshindio

Maneno huweza kuishi muda mrefu baada ya mikono iliyoyazaa kuacha kazi. Kamusi zetu zingali na mtande, zile nyuzi zinazokazwa kwa urefu. Na mshindio, uzi upitao katikati yake kwa upana. Na kitanda cha mfumi kinachovibeba vyote viwili. Hapa Kibiti nimeonyeshwa mikeka mingi ya ukindu. Kitanda cha mfumi sijakiona, ila hiki nilichokiunda mwenyewe.

Haikuwa hivyo daima katika pwani hii. Kilwa, kusini ya delta ya Rufiji, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta vizito vya pia za kusokotea uzi. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, asimulia kwamba wafumi wa Sofala, kwa kukosa rangi, walifumua nguo za buluu zilizotoka Cambay, wakazifuma upya pamoja na uzi wao mweupe. Karne nyingi baadaye pamba ikaja kulimwa kwa amri ya Wajerumani, ivaliwe na wengine. Julai 1905, katika vilima vya Umatumbi, watu wakaing'oa, na Vita vya Maji Maji vikaanza.

Kitanda changu ni mbao nne, na misumari 32 juu na 32 chini, kila mmoja nusu sentimita kutoka kwa mwenziwe. Nyuzi za shufwa nimezifunga vitanzi kwenye ufito. Ufito ukiinuliwa, njia hufunguka. Ukishushwa, ubapa wa ubao husimamishwa chini ya nyuzi za witiri kufungua njia ya pili. Mshindio haupitishwi kwa kunyooka, bali hulazwa kama upinde kabla ya kugongwa kwa chanuo, la sivyo pindo za nguo huvutana ndani.

Jirani yangu, bibi msuka mikeka, alikitazama kwa shaka. "Mwanangu, mbona nyuzi nyingine zimesimama tu?"

Swali la haki. Katika ukili kila uchane husafiri: uliokuwa kulia huenda kushoto, hakuna bwana wala mtwana. Kitandani mtande hukaa kimya, ukavutwa na kuvumilia, ili mshindio upate kutembea. Nilimjibu kwamba hata shairi ni hivyo: mizani husimama, maneno ndiyo yapitayo.

Kisha nikajaribu hila ya Sofala. Nilifumua kitambaa kikuukuu cha buluu, nikafuma mistari 8 myeupe, 8 ya buluu, mfano wa ukwapi na utao. Uzi uliofumuliwa haunyooki. Umejikunja kwa mawimbi madogo, kila wimbi ni mahali ulipopita juu ya mwenziwe katika nguo ya kwanza. Niliulowesha, nikauning'iniza na jiwe usiku kucha. Mawimbi yalipungua, hayakwisha.

Mimi ni mfasiri, na kazi yangu ni hiyo hiyo: kufumua nguo ya watu na kuifuma kwa mtande wetu. Wasomaji hutaka tafsiri isiyo na kovu. Tangu nishike uzi ule, nimeacha kuwaahidi. Kitambaa changu kina mistari ya buluu iliyofura kidogo kuliko ile myeupe. Bibi alipitisha kidole juu yake, akaitambua akiwa amefumba macho.