Lamu na Saa za Maji

Mtu aendaye Lamu akitokea Mombasa huliacha gari Mokowe, upande wa bara, kisha hupanda mashua hata kisiwani. Tangu hapo saa aliyoifunga mkononi hupungukiwa na kazi. Mimi nimefundisha watoto chuoni miaka mingi, na kazi yetu waalimu ni ya kengele na madaftari; kwa hiyo jambo hili lilinigusa zaidi kuliko milango ya nakshi ambayo wageni huisifu, ingawa nakshi zenyewe ni nzuri kweli.

Ndugu msomaji, bahari haina khabari na saa ya ukutani. Maji hujaa na kupwa mara mbili katika mchana na usiku wake, na kila siku huchelewa kadiri ya dakika 50 kuliko jana, kwa kuwa yafuata mwezi. Mwezi uandamapo, na uwapo mpevu, huwa bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Katikati yake huwa maji mafu. Basi chombo kiendacho Pate hungoja maji ndipo kipite katika mkondo ulio baina ya Manda na bara, na saa ya kung'oa nanga leo haiwi ya kesho. Nahodha hana budi kuinua macho. Hali kadhalika mwadhini, kwani Adhuhuri na Alasiri zafuata jua na kivuli. Siku hizi kuna majedwali ya hayo yote, ya sala na ya maji pia, lakini wazee wa pale bado hutazama mbinguni kwanza.

Njia kuu ya mji, ambayo wenyewe waita usita wa mui, ni nyembamba hata punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu. Nilimwona kijana mmoja mgeni akitembea na macho yake yamo ndani ya simu. Punda aliyebeba mchanga akampiga kikumbo. Wazee waliokuwa barazani wakacheka, kisha wakampa nafasi na kikombe cha kahawa. Wakamsalimu kwa utaratibu: yeye, wazazi wake, safari yake, walio wagonjwa kwao. Na kila walipouliza walingoja jibu.

Kungoja jibu! Katika nyumba zetu nyingi jambo hili limekuwa adimu. Baba na wanawe wamelizunguka sinia moja, lakini baba yuko dukani kwa fikira zake, na mwana mkubwa yuko katika simu. Mtoto mdogo asoma alichohifadhi leo, baba atikisa kichwa asisikie hata neno. Sisi waalimu twamjua upesi mtoto asomaye na moyo wake haupo. Ulimi huenda, aya ikarukwa. Surat Al-Asr ina aya 3 tu, na ndani yake Mwenyezi Mungu ameapa kwa wakati. Watoto huimaliza kwa pumzi moja wakakimbilia uwanjani, wala siwalaumu, bali wazazi wao nao huisoma hivyo hivyo.

Lakini mtu asidhani kwamba watu wa Lamu wameisahau kesho. Kililana, huko bara, gati la kwanza la bandari mpya lilianza kazi mwaka 2021. Kabla ya hapo wavuvi walikwisha kwenda mahakamani kwa ajili ya bahari yao na mikoko, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua walipwe fidia. Nilimkuta mvuvi mmoja mtu mzima pwani, maji yamekupwa, akishona wavu. Nikamwuliza vipi aweza kukaa kimya namna ile na mambo makubwa kama hayo yamemkabili.

“Mwalimu,” akasema bila ya kuinua kichwa, “kesi ina siku zake, na siku hizo nilikwenda. Wavu huu ni wa usiku wa leo. Nikiwaza kesi hali ya kuwa nashona, nitaacha tundu, na samaki haijui kesi.”

Nikakaa karibu naye, nikamshikia upande mmoja wa wavu. Hatukusema mengi. Alipomaliza aliukata uzi kwa meno, akatazama mashua yake iliyokuwa imelala juu ya tope. Sasa ilikuwa imeanza kutikisika. Akanipa mkono, akaingia majini.