Chupa Yenye Picha ya Mama Maria

Chupa ile ilipendeza macho. Maji yake mekundu, kizibo kimefungwa kwa nta, na ubavuni imebandikwa picha ya Mama Maria. Mwenye kuiuza alishuka katika gari la moshi hapa Kabalo, akatuomba tuitangaze kanisani baada ya sala za Dominika: yaongeza damu, yafukuza homa, yawatia wazee nguvu. Tukaitangaza. Twakiri hivyo, maana ndugu wengi waliisikia sauti yetu.

Dawa za namna hii si mpya kando ya Lualaba. Mwaka 1871 David Livingstone alifika Nyangwe, penye mto huu huu upitao kwetu. Vidonge vyake vya homa alivitunga mwenyewe: kwinini, kalomeli, rubabi na mzizi wa jalapa wa kuendesha tumbo. Baadaye wafanya biashara wa Uingereza wakaviuza kwa jina lake. Kwinini ni dawa kweli, yatoka katika gome la mti wa Peru, ambalo zamani liliitwa gome la Wajesuiti, kwa kuwa wao walilieneza Ulaya. Lakini kalomeli imetengenezwa kwa zebaki, nayo ni sumu. Wagonjwa walimeza yote pamoja, wakakisifu kidonge kizima. Ila Livingstone hakuficha yaliyomo. Daktari Warburg, yeye aliuza maji yake ya homa akafunga siri miaka kama 40. Ilipofunuliwa mwaka 1875, kumbe ndani mlikuwa na kwinini ile ile, pamoja na vitu vingine vingi!

Sisi hatukumwuliza yule mchuuzi hata neno moja. Picha ilitutosha.

Juma la pili tukaitwa usiku. Mama mmoja alikuwa amemnywesha mtoto wake maji yale siku tatu, na sasa mtoto ameshikwa na degedege. Tukampakia mama na mwanawe juu ya baiskeli, tukaisukuma mbio mpaka kituo cha afya. Kipimo kikaonyesha malaria, akachomwa sindano za artesuneti. Siku ya tatu asubuhi aliomba uji. Ndipo mama yake alipotuambia, bila hasira: "Mwalimu, si wewe uliyetuambia?"

Hatukuwa na jibu. Bibi zetu wachemshapo majani ya mpera kwa ajili ya tumbo, walau mti twaujua, umesimama nyuma ya nyumba. (Nayo hayaponyi malaria, tusidanganyane.)

Dominika iliyofuata tulisimama pale pale, tukayaondoa maneno yetu mbele ya wote. Wengine walicheka. Chupa mbili zikaletwa kwetu. Tukabandua picha, tukamwaga maji shimoni. Ya tatu haijarudi. Mzee mwenye nayo asema yampa usingizi mzuri, nasi tungali tukimwendea kila jioni kumsihi.