Boksi za watoto kwenye duane

Wamama wapenzi, zile boksi kumi za kazi za mikono tulizoagiza Kigali kwa watoto wa shule ya gardienne zingali mpakani. Ndani kuna rangi, udongo wa kufinyanga, makasi na shanga. Kwenye fakitire muuzaji aliandika neno moja tu: michezo.

Sisi walimu tunaziita vifaa vya masomo, lakini duane haiangalii sisi tunaziitaje. Inafuata namba za Shirika la Forodha la Dunia: rangi za kuchora 3213, udongo wa watoto 3407, makasi 8213, michezo 9503. Vitu vikifungwa pamoja kwa kuuzwa, wanatafuta kile kinachoipa boksi tabia yake kuu. Kikikosekana, wanachukua namba ya mwisho kati ya zile zinazofaa, na michezo (angalieni!) iko karibu na mwisho wa kitabu.

Tumemwomba muuzaji aandike upya kila kitu, idadi yake, bei yake, na kinatumika kwa kazi gani. Wiki ijayo tutajua kama mchango wenu utabakiza hata pesa ya karatasi.