Gari jipya likigongwa yadi: Mtoto aliyeuliza sungura yuko wapi

Dar es Salaam. Abiria wanaovuka kwa kivuko kutoka Magogoni kwenda Kigamboni huziona zikipita kwenye mlango wa bandari: meli kubwa zilizozibwa pande zote, mfano wa maghala yanayoelea. Watoto huuliza ndani kuna nini. Ndani kuna magari, mengi yakiwa yameshatumika Japani, na kwa familia nyingi za Tanzania hayo ndiyo magari mapya.

Yakishashuka na kulipiwa ushuru, sehemu yake huishia kwenye yadi zilizo kando ya barabara kubwa za jiji. Yanapangwa yakiwa yameelekea barabarani, na vijana wenye vitambaa hushinda wakiyafuta vumbi. Jumamosi ndiyo siku ya familia. Baba hufungua boneti, mama hukaa kiti cha mbele na kujaribu kama miguu inafika, watoto hupanda nyuma na kuanza kugombania dirisha.

Katika moja ya yadi hizo, mama mmoja mkazi wa Kivule, ambaye jina lake limehifadhiwa, alifika na mumewe na watoto wao wawili kununua gari la kwanza katika maisha yao.

Hawakulitafuta kwa ajili ya fahari. Mtoto wao wa pili, mwenye miaka saba, ana selimundu, au siko seli kama wengi wanavyoiita. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huo. Mzazi wa mtoto huyo anajua mambo mawili: homa ni dharura isiyosubiri asubuhi, na baridi inaweza kuamsha maumivu makali ya mifupa.

Kwa miaka mingi usafiri wao wa usiku ulikuwa bodaboda. Usiku mmoja wa mvua za masika, mama huyo alimfunika mwanawe kwa kanga mbili na mfuko wa nailoni, wakapita kwenye madimbwi hadi barabara ya lami. Walipofika hospitali mtoto alikuwa ametota na anatetemeka.

"Nilimwambia mume wangu, hata tukila dagaa mwaka mzima, gari tutanunua," anasema.

Mume, ambaye ni mwalimu, alichukua mkopo wa mshahara. Mke, fundi cherehani, alivunja akiba yake ya kikoba.

Jumamosi ya kuchagua

Walikwenda na fundi wao wa mtaani. Alisikiliza injini, akakagua chini, akazunguka gari mara tatu. Walichagua IST ya rangi ya fedha. Muuzaji aliwapa nakala ya karatasi ya mnada, akiwaambia kwa kujiamini kwamba gari hilo halina historia ya ajali.

Karatasi hiyo wanunuzi wengi huikunja na kuisahau. Magari mengi yaliyotumika Japani huuzwa kwa mnada, na kabla ya mnada kila gari hukaguliwa. Matokeo huandikwa kwenye karatasi yenye mchoro wa gari, na pale penye kasoro mkaguzi huweka herufi. A ni mkwaruzo, U ni sehemu iliyobonyea, W ni sehemu iliyokwisha kunyooshwa na kupakwa rangi. XX ni kipande kilichobadilishwa. Gari lililopata ajali kubwa likatengenezwa mara nyingi hupewa daraja la R badala ya namba.

Ya gari lile ilikuwa na A mbili tu, zote kwenye bampa la mbele.

Wakati wakubwa wakizungumza bei, mtoto alikuwa ameshachagua mahali pake: kiti cha nyuma, upande wa kushoto. Kwenye kioo cha mlango huo palikuwa na stika ndogo ya sungura, pengine iliyobandikwa na mtoto mwingine huko Japani. Baba yake alimpiga picha akiwa ameigusa kwa kidole, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Malipo yalifanyika Jumanne, risiti ikatolewa. Yadi ikaomba hadi Ijumaa ili kukamilisha namba na bima.

Ijumaa ya kukabidhiwa

Walifika saa kumi na mbili jioni. Gari lilikuwa limeoshwa, kibao kipya cha namba kimefungwa. Mezani palikuwa na fomu ya makabidhiano na kalamu, na meneja alikuwa akitazama saa.

Mtoto alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wake. Akarudi akimvuta baba yake shati.

"Baba, sungura yuko wapi?"

Baba alidhani stika imebanduliwa wakati wa kuosha. Mama ndiye aliyekwenda kuangalia. Alifungua mlango wa nyuma wa kushoto, akaufunga. Haukushika. Akaufunga tena kwa nguvu, ukashika. Wa kulia ulifungika kwa kusukumwa kidogo tu.

Akampigia simu fundi. Fundi akamwambia aangalie alama ndogo ya kiwanda iliyo kwenye kona ya kila kioo. Vioo vingine vyote vilikuwa na alama moja. Kioo cha mlango wa mtoto kilikuwa na nyingine.

"Mama yangu, gari imekuja hivyo hivyo kutoka Japani," meneja alisema.

Mwalimu alifungua simu. Picha ya Jumamosi ilikuwa pale, na tarehe yake, na sungura wake. Kisha akaikunjua karatasi ya mnada juu ya meza. Kwenye mlango wa kushoto wa nyuma hapakuwa na herufi yoyote.

Meneja alibadili maneno. Akasema ni kitu kidogo, angewapa mazulia ya gari, vifuniko vya viti na laki tatu ya usumbufu, wasaini waondoke kabla ya foleni.

Mume alikuwa karibu kukubali. Mkopo ulikuwa umeshaanza kukatwa, giza linaingia, mtoto ameketi kwenye kiti chake akisubiri kwenda nyumbani. Ni mke aliyeirudisha kalamu mezani.

"Nilijiuliza, kama kitu kimefika hadi kuvunja kioo, kimefika wapi tena? Na pale ndipo anapokaa mwanangu," anasema.

Walipotoka, alimsalimia mlinzi mzee wa getini. "Shikamoo babu." Mzee aliitikia, kisha akaitazama nguzo ya geti bila kusema neno. Mama naye akaitazama. Usawa wa kiuno, zege lilikuwa limemeguka na kubaki na mchubuko wa rangi ya fedha. Akaupiga picha.

Gereji ilisema nini

Jumatatu yadi ilikubali gari likaguliwe, kwa sharti kwamba familia ilipe gharama. Walilipeleka Ilala kwa fundi wa bodi wasiyemfahamu, ambaye hakuwa upande wa mtu yeyote.

Alianza na sumaku ndogo aliyoifunga kwenye kitambaa. Kwenye mlango wa kulia ilinasa. Kwenye wa kushoto, chini ya kitasa, ikateleza na kuanguka, kwa sababu chini ya rangi mbichi palikuwa na puti nene badala ya bati. Alipofungua mlango alionyesha bawaba zilizosogezwa na nguzo ya katikati iliyobonyea. Nguzo hiyo ndiyo inayobeba bawaba za mlango wa nyuma na mkanda wa abiria wa mbele.

Aliandika yote kwenye karatasi, akaweka sahihi na muhuri wa gereji.

Hapa ndipo suala la gari linapogeuka kuwa la afya. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa vifo vya watoto na vijana wa miaka mitano hadi 29. Gari likigongwa ubavuni, kinachosimama kati ya mtoto na kilichomgonga ni mlango na nguzo zake. Rangi haimkingi mtu, na puti pia haimkingi.

Wiki tatu za kusubiri

Familia iliandika barua. Haikuwa na matusi wala vitisho. Ilieleza tarehe ya kuchagua, ya kulipa na ya kukabidhiwa, ikaambatanishwa na picha mbili, karatasi ya mnada, risiti na ripoti ya fundi. Iliomba moja kati ya mawili ndani ya siku saba: gari jingine la aina na hali ile ile, au fedha zote zirudi. Nakala moja iligongwa muhuri wa yadi kuonyesha imepokelewa.

Msingi wa madai yao upo kisheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ifanane na maelezo hayo, na inampa mnunuzi nafasi ya kuikagua kabla ya kuhesabiwa kuwa ameikubali. Ndiyo maana sahihi kwenye fomu ya makabidhiano ni kitu kizito. Mtu anayeona ameonewa anaweza pia kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC), ambayo kazi zake chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ni pamoja na kumlinda mlaji.

Siku saba zilipita bila jibu. Siku ya tisa, usiku, mtoto alipata homa. Gari walilolilipia lilikuwa yadi, na nje mvua ilikuwa inanyesha. Jirani mwenye bajaji aliamshwa, akateremsha maturubai pande zote mbili, wakaondoka.

"Usiku ule mume wangu hakunisemesha njia nzima," mama anakumbuka. "Nami nilijilaumu. Nilisema ningesaini tu, tungekuwa tumefika."

Mtoto alilazwa siku nne, akapona. Alipotoka, mama alikwenda yadi peke yake na barua ya pili, iliyotaja kwamba nakala yake inapelekwa FCC. Safari hii alikutana na mwenye yadi. Alisoma ripoti, akaangalia picha ya nguzo ya geti, akamwita meneja. Ikajulikana kwamba Jumatano ile kijana alilitoa gari kwenda kuweka mafuta, na wakati wa kurudi akalipiga ubavu kwenye geti. Likanyooshwa usiku na mchana ili Ijumaa isipite.

Siku ya 23 tangu walipolipa, walikabidhiwa IST nyingine, ya bluu. Fedha za ukaguzi zilirudishwa. Za kulazwa hospitali hazikurudi, wala hakuna aliyeomba radhi kwa usiku ule wa mvua.

Mzazi akague nini

Fundi wa Ilala anashauri gari la familia likaguliwe mara mbili, siku ya kuchagua na siku ya kulichukua, na iwe mchana. Piga picha kila upande siku ya kwanza. Linganisha alama za vioo vyote. Fungua na ufunge kila mlango. Vuta mikanda ya nyuma kwa ghafla, inapaswa kukamata. Washa swichi bila kuwasha injini uone taa ya eabegi: inapaswa kuwaka sekunde chache kisha izime. Isipowaka kabisa, uliza kwa nini.

Na usisaini jioni.

Siku hizi, asubuhi ya kliniki, gari la bluu huegeshwa Muhimbili mapema kabla nafasi hazijajaa. Kwenye droo ya dashibodi kuna faili moja la plastiki. Ndani yake mama amepanga kadi ya kliniki, risiti, ripoti ya gereji na karatasi za mnada za magari yote mawili.

Kioo cha nyuma cha kushoto hakina stika. Mtoto alikikagua siku ya kwanza, akakaa, akafunga mkanda mwenyewe, kisha akamwambia baba yake mlango umeshika.